Watoto Waliokuja Kabla ya Siku Zao

Nilipobeba mimba yangu ya tatu sikumwambia mtu isipokuwa mume wangu. Mbili za mwanzo zilikuwa zimetangazwa mapema, nguo zikashonwa, jamaa wakaja kutupa mkono wa heri, na zote mbili zikaishia mwezi wa saba. Wa kwanza alikuwa mwanamume, wa pili mwanamke. Walizikwa kimya kimya, na baada ya hapo hakuna mtu nyumbani kwetu, mtaa wa Langoni, aliyewataja tena. Watu waliona kwamba kunyamaza ndiko kunihurumia.

Tulikaa na mama yake mume wangu, mjane mwenye sauti kubwa na moyo uliopita sauti yake. Yeye ndiye aliyegundua. Asubuhi moja alinikuta uani nimeinama natapika. Aliichukua ndoo iliyokuwa mkononi mwangu.

"Kuanzia yeo hutoteka maji," alisema. "Na hospitali kuna daktari wa kike amekuya. Utakwenda."

Ilikuwa katikati ya miaka ya hamsini. Daktari huyo alikuwa Mhindi wa Mombasa, mwembamba, mwenye kusuka nywele msuko mmoja mrefu mgongoni, na Kiswahili chake kilikuwa cha Mombasa kabisa. Wakubwa wake walimtuma aje atafute sababu ya watoto wengi wa kwetu kuzaliwa kabla ya wakati. Alitaka wanawake waja wazito waende kwake kila wiki mpaka wajifungue, na mara moja baadaye, wapimwe uzito, wapimwe tumbo kwa utepe kama wa fundi cherehani, watolewe damu kidogo, na wachukue mkojo wao ndani ya chupa.

Mume wangu, aliyekuwa seremala na mtu wa maneno machache, alinisindikiza siku ya kwanza. Alisimama mlangoni, akauliza, "Bi Daktari, hiyo dawa yako itamzuia mtoto asitoke?"

"Sina dawa hiyo, Bwana," alijibu. "Nikikwambia ninayo nitakuwa nakudanganya. Mimi natafuta sababu. Huenda nitakachokiona kikamfaa mkeo, na huenda kisimfae yeye, kikamfaa mwanamke ambaye bado hajazaliwa. Na siku yoyote akitaka kuacha, aache. Hakuna atakayemuuliza."

Mume wangu akanigeukia. "Wasemaje?"

Nilisema nitakuja. Nilikuwa nimeahidiwa mambo mengi na watu wengi walionipenda, na huyu alikuwa wa kwanza kukataa kuniahidi. Nikamwamini kwa sababu hiyo. Kombe la maalimu, maji yaliyooshea aya alizoziandika sahanini, sikuliacha, niliendelea kulinywa, na Bi Daktari nilipomwambia alisema, "Vizuri, ilimradi maji yamechemshwa."

Mume wangu alipoondoka, Bi Daktari aliniketisha akaanza kuniuliza. Nakula nini, nalala wapi, nabeba mizigo gani, napata homa mara ngapi. Kisha akaniuliza habari za wale wawili. Walikuwa na miezi mingapi tumboni. Waliishi muda gani. Halafu akauliza, kwa sauti ile ile ya kazi, "Walilia?"

Swali hilo sikuwahi kuulizwa na mtu. Nilimwambia kwamba mwanamume hakulia. Mwanamke alilia, kisauti chembamba kama cha paka mchanga, tangu alasiri mpaka magharibi. Niliposema hivyo machozi yakanitoka kwa wingi hata nikaona haya. Bi Daktari aliiweka kalamu chini akaningojea. Hakuniambia ninyamaze wala hakuniambia ni mapenzi ya Mungu, jambo nililokuwa nalijua. Nilipotulia akanipa maji, na tukaendelea.

Nilirudi nyumbani siku hiyo nikiwa mwepesi. Wanangu walikuwa wametajwa.

Tuliokuwa tukienda kwa Bi Daktari tulikuwa wengi, lakini niliyeshikana naye alikuwa mwanamke mmoja wa kijiji cha Shela, mchangamfu, mkubwa kwangu kwa miaka michache, aliyekuja kwa miguu kwa njia ya ufuoni. Naye alikuwa amepoteza mtoto. Chupa zetu tulizificha ndani ya buibui, na yeye alikuwa akinichekesha njiani. "Tukikutana na mtu akauliza," alisema, "mwambie ni samli." Basi kila nilipoiona samli sokoni nilicheka peke yangu.

Kisha uvumi ukaingia. Ulisemwa kwanza na nani sijui, lakini wiki hiyo mji mzima ulikuwa ukisema kwamba Bi Daktari ni mumiani, kwamba damu zetu zapelekwa Mombasa zikapikwe dawa za wakubwa. Nilipofika hospitali wiki iliyofuata, wanawake walikuwa wamesimama nje pamoja, nyuso wamezifunika, hakuna aliyetaka kuingia. Baadhi walikuwa tayari wanarudi. Na mimi, nasema kweli, nilitaka kuwafuata.

Mama mkwe wangu alikuwa amenifuata. Aliwapita wote, akaingia mpaka mezani, akaupandisha mkono wa nguo yake.

"Nitowe damu mimi kwanda," alimwambia Bi Daktari.

Bi Daktari akatabasamu. "Mama, wewe huna mimba. Damu yako siihitaji."

"Wewe huihitaji. Waihitaji hawa walioko nde."

Bi Daktari alimtazama, akaelewa. Akaifungua milango yote miwili ili kila mtu aone, akamchoma kidole, akatoa tone, akalipaka kwenye kipande kidogo cha kioo. Mama mkwe akakiinua kidole chake juu kuwaonyesha wanawake. "Mbu wa nyumbani kwangu hunyonya zaidi ya hii!" alisema. "Mumiani gani huyu mwenye kushiba kwa tone? Ingiyani!"

Kicheko kikapita. Mwanamke wa Shela akaingia wa kwanza, nami nyuma yake. Wengine hawakurudi tena, na sikuwalaumu. Lakini wengi waliingia.

Ni katika damu yangu ya wiki zile ndipo Bi Daktari alipoona vijidudu vya malaria. Nilishangaa, maana sikuwa na homa. Alinieleza kwamba malaria huweza kukaa kimya ndani ya mwanamke mjamzito, mama asiumwe, mtoto ndiye akose chakula chake. Tena damu yangu ilikuwa pungufu. Alinipa vidonge vichungu na vidonge vya kuongeza damu, na akamwambia mama mkwe anipikie maini na mboga za majani. Nilimuuliza kama hicho ndicho kilichowaua wanangu wawili.

"Sijui," alisema. "Huenda. Natamani ningejua."

Mwezi wa saba ulikuja. Nililala kila siku nikiwa na mkono tumboni, na mwezi ukapita. Lakini wazee wa kwetu walikuwa wakisema mtoto wa miezi saba aweza kuishi, wa minane haishi, na mwezi wa nane ulipokaribia kumalizika uchungu ukanishika, asubuhi, watu wakitoka sokoni. Nikamwambia mama mkwe, "Wa minane."

"Nyamaza," alisema, naye akilia. "Mungu hahesabu kwa vidole vyetu."

Walinipeleka hospitali. Mtoto alitoka kabla ya adhuhuri, mwanamke, mdogo hata kichwa chake kilitosha ndani ya kiganja cha Bi Daktari. Akalia. Kilikuwa kilio kikali cha mtu aliyekasirika, na Bi Daktari akanitazama juu ya kichwa chake, kwa sababu sote wawili tulikuwa tumesikia.

Walimfunga kwa pamba, wakamzungushia chupa za maji ya moto zilizovikwa vitambaa. Hakuwa na nguvu ya kunyonya, basi nilikamua maziwa, na mimi na mama mkwe tukamdondoshea kinywani kwa zamu. Alipotimiza arubaini alikuwa na mashavu. Mume wangu alimshika siku hiyo kama mtu aliyeshika yai, akasoma Alhamdu mpaka mwisho, akarudia tena.

Mwanamke wa Shela alijifungua kabla yangu, mwezi wa saba. Alikuwa amekunywa vidonge vile vile, hakukosa wiki hata moja. Mtoto wake hakufika jioni. Nilipokuwa bado nimelala hospitali na wangu, nilimwona akiingia, amevaa buibui lake, amebeba chupa yake. Alikuja kupimwa mara ya mwisho, kama Bi Daktari alivyotaka kwa kila aliyejifungua.

Nilimwambia, "Dada yangu, hakuna aliyekutazamia kuja."

"Nilisema nitakuja mpaka mwisho," alijibu. "Wakipima wenye watoto peke yao, watajua nini?"

Kisha akaomba amshike mwanangu. Alimshika muda mrefu, akamsomea, akampulizia usoni polepole.

Bi Daktari aliondoka mwaka uliofuata. Alituita tuliobaki kumaliza kazi, akatueleza aliyoyaona kwa maneno tuliyoyaelewa: kwamba malaria na upungufu wa damu vilikuwa vimewashika wengi waliozaa mapema, na kwamba bado kulikuwa na sababu nyingi asizozijua. Alitushukuru mmoja mmoja kwa jina. Alipofika kwa mwanamke wa Shela alimshika mikono yote miwili, na sikusikia walichoambiana.

Siku hizi mwanamke akienda kliniki na mimba hupewa dawa ya malaria kabla hajauliza, na watoto wanne wa binti yangu wote wametimiza miezi yao. Sidai kwamba ni sisi tuliofanya hayo. Wako wanawake wengi wa nchi nyingi waliotoa vidole vyao. Lakini nikisali huwaombea Bi Daktari na mama mkwe wangu, na kabla yao humtanguliza rafiki yangu wa Shela, ambaye hakupeleka mtoto nyumbani kwake na hata hivyo alirudi kupimwa.