Picha ya Jicho la Baba

Siku ile naikumbuka kwa baridi yake, mwanangu. Ukungu ulikuwa bado umelala Newala nilipompeleka baba yangu kwa daktari wa macho. Ilikuwa miaka ya soko huria, malori ya wanunuzi binafsi yanagombea korosho, na wataalamu wenye mashine ngeni wanafika hadi huku kwetu. Baba, mwalimu mstaafu wa Lulindi, alikuwa ameanza kusahau majina yetu. Tukasema ni macho tu, hayaoni vizuri sura zetu. Mwenye hofu hujidanganya.

Daktari alimpiga picha ya ndani ya jicho, akaniita pembeni.

"Binti, miwani haitamsaidia. Mshipa huu wa nyuma ya jicho ni tawi la ubongo, nami naona umesinyaa. Picha peke yake haitoshi kutaja ugonjwa, ila kwa kusahau kwake huku, nahofia ubongo wenyewe unachakaa. Mpelekeni hospitali kubwa. Na asitembee peke yake."

Babu yangu naye alikufa hajitambui, watu wakanong'ona karogwa. Niliona zamu ya baba, kisha yangu. Basi nikapitia sokoni, nikanunua miwani ya mtumba, nikamwambia mama, "Daktari kasema ni macho."

Mwezi haukuisha. Baba akaenda kuangalia mikorosho, asirudi. Siku mbili tulimwita porini, mwanangu, siku mbili! Tulimkuta bondeni chini ya Kitangari, midomo imepasuka kwa kiu, miguu inavuja damu.

"Shikamoo, baba," nikasema.

Akarudi nyuma, akainua fimbo. "Wewe nani? Usiniue!"

Jioni ile nilimwambia mama ukweli. Hakunipiga. Alisema tu, "Ungeniambia, ningemfuata shambani. Hofu ulikuwa nayo wewe, porini kaenda yeye."

Baba hakupona. Lakini tangu hapo tulimsindikiza kwa zamu, wala hakupotea tena mpaka Mungu alipomchukua.

Mficha maradhi, kifo humuumbua. Mimi mpaka leo naogopa. Jina la mtu likinitoka akilini, moyo hunidunda. Ila nakuusia: daktari akikuambia neno zito, usilifungie kifuani. Wakusanye wa nyumbani, uliseme lote, mlibebe pamoja. Na siku akili yangu ikianza kuniacha, usidanganye mtu kwa ajili yangu.

Mungu akupe moyo wa kuusikia ukweli, mwanangu, na usikose kamwe wa kukushika mkono.