Shingo Ambayo Nisingeinunua

Mimi ni Masanja, dalali wa ng'ombe hapa Bariadi. Kazi yangu ni kugundua kile ambacho mwenye ng'ombe hataki nikione. Meno nayahesabu mara mbili: mara ya kwanza kwa sababu ya ng'ombe, mara ya pili kwa sababu ya mwenyewe.

Nilikuwa mzima kabisa. Halafu nikaanza kunenepa uso. Watu wakanipongeza: "Masanja, mambo yako safi siku hizi!" Sikukataa pongezi hata moja.

Asubuhi mashavu yalijaa mpaka macho yakawa madogo, jioni yanapungua. Kola ya shati ikagoma kufunga. Mke wangu Kabula akasogeza kifungo, baadaye akakisogeza tena. Nikiinama kufunga viatu, kichwa kinajaa kama kinataka kupasuka. Nikawa nalalia mito mitatu, nakohoa kikohozi kikavu. Kifuani ikajitokeza mishipa ya bluu. Nilihesabu saba. Nikarudia, nikapata tisa.

"Baba Holo, twende hospitali," Kabula akasema.

"Mtu anaenda hospitali kwa kunenepa?"

"Umenenepa uso tu. Miguu bado ya korongo."

Sikwenda.

Siku moja, mnadani Lagangabilili, mtu aliniletea dume la kupendeza. Nikalishika shingo. Mshipa umesimama wenyewe, na chini ya koo kumevimba. Nikasema kwa sauti ili wote wasikie, "Huyu simchukui. Damu haishuki. Kuna kitu kifuani."

Ngasa, dalali mwenzangu ambaye tunanyang'anyana wateja, akanitazama. "Hebu na wewe geuza shingo."

Watu wakacheka. Na mimi nikacheka, nikapeleka vidole shingoni kwa utani. Mshipa wangu ulikuwa umesimama kama kamba ya ndama. Nikaacha kucheka. Ngasa naye akaacha.

"Panda pikipiki uende hospitali," akasema. "Wateja wako nitawatunza."

Hilo la wateja lilinitisha kuliko mshipa.

Bariadi wakanipiga picha ya kifua, wakanituma hospitali ya rufaa Mwanza. Huko nikaingizwa kwenye mashine kubwa ya duara, kisha nikachomwa sindano kifuani kutoa kinyama cha kupima. Daktari, mama mmoja asiye na maneno mengi, akatueleza: "Mshipa mkubwa unaorudisha damu kutoka kichwani na mikononi kwenda kwenye moyo umebanwa. Mara nyingi kinachobana ni saratani. Tusubiri majibu."

Tulisubiri siku tisa. Hizo sikutaka kuzihesabu mara ya pili.

Majibu yakaja. "Ni kifua kikuu cha tezi za ndani ya kifua," daktari akasema. "Ni nadra kubana mshipa namna hii, lakini kinatibika. Vidonge kila siku, miezi sita."

Kabula akalia kwa furaha. Mimi nikaanza kazi yangu.

"Daktari, tufanye minne."

"Sita."

"Mitano, tusichoshane."

"Mzee Masanja, hapa si mnadani."

Nikainuka kuondoka, kama tunavyofanya ili muuzaji atuite. Hakuniita. Kabula akanishika mkono, akamwambia, "Tumechukua sita."

Dawa zilikuwa za bure, na cha bure hunitia shaka. Mkojo ukawa wa rangi ya machungwa. Nikaambiwa ni dawa tu. Nyumba nzima ikapimwa, wote wazima. Mwezi wa tatu uso ulikuwa umerudi kuwa wangu, nikataka kuacha. Kabula akamwaga vidonge mezani akavihesabu, kisha akavihesabu tena. Nikavimeza mpaka cha mwisho.

Namshukuru Mungu, Kabula, na daktari asiyepunguza. Wewe msomaji, ukiona uso unavimba asubuhi, kola inabana na mishipa inajichora kifuani, usipokee pongezi. Nenda hospitali siku hiyo hiyo. Na ukipewa dawa, zimalize.

Niliporudi mnadani, Ngasa alinirudishia nusu ya wateja. Nimekubali, maana yeye ndiye aliyeniona. Siku hiyo alinisimamisha mbele ya watu.

"Geuza shingo."

Nikageuza. Akapapasa upande mmoja, akapapasa wa pili.

"Huyu," akatangaza, "namchukua."