Mtungi Uliogongwa Posta

Mwanangu, siku moja naikumbuka kwa sikio kuliko kwa jicho. Ilikuwa mwishoni mwa miaka ya tisini, ndani ya posta ya Homa Bay, na aliyenisema siku hiyo alikuwa mtungi.

Wewe leo unauza viatu kwa simu ukiwa umejilaza, na nasikia mteja wako wa mbali umempelekea jozi yenye soli iliyoachia, tena ukijua. Sikugombezi. Kaa hapa nikueleze, maana mimi niliitangulia njia hiyo kabla hujazaliwa.

Binamu yangu Ouma alifanya kazi Kisumu, katika ofisi yenye kompyuta iliyounganishwa kwa laini ya simu. Ndiye aliyegundua kwamba huko mtandaoni kuna mnada. Mimi mnada niliujua wa ng'ombe: unamfungua mdomo, unatazama meno, unavuta mkia. Huu ulikuwa wa picha tu. Watu wa ng'ambo walipandiana bei wiki nzima, na wa mwisho kupanda ndiye aliyechukua. Kazi yangu ilikuwa kutafuta vitu na kuvifunga vivuke bahari salama.

Vitu vyenyewe vilikuwa mitungi ya shangazi yangu Akelo. Shangazi sisi humwita waya, kwa hiyo alikuwa Waya Akelo. Hakuna mtungi uliotoka mikononi mwake bila kugongwa kwa kifundo cha kidole. Ukilia kama kengele, haya, nenda. Ukilia do, sauti ya kufa, una ufa mahali, unabaki nyumbani kutunzia mbegu. Na wanawake wa sokoni walinunua hivyo hivyo: wanagonga, wanasikiliza, ndipo wanauliza bei.

Basi mtungi mmoja mkubwa ulichukuliwa na mama wa nchi za baridi. Alimwandikia Ouma kwamba alizaliwa upande wetu huu, mamake akiwa nesi, na tangu utotoni hajanywa tena maji ya mtungi. Hakuutaka wa kupamba sebule. Alitaka kunywea. Akalipa kila kitu, hata gharama ya posta.

Nami nilipokuwa nauingiza ndani niufunge, nikaugonga kwenye mlango. Ufa mwembamba, urefu wa kidole. Nikakimbia kumpigia Ouma simu.

"Ziba tu," akaniambia. "Huyo mzungu ako mbali, atajuaje? Atasema umepasukia kwa ndege."

Wahenga husema usipoziba ufa utajenga ukuta. Mimi niliuziba, tena kwa nta ya mshumaa na masizi ya sufuria, na ukuta nikaujenga vilevile. Nikauvisha blanketi kuukuu, nikautia sandukuni.

Kesho yake Waya akaja kuusindikiza mtungi wake hadi posta, kama mtu anayeaga binti anayeolewa. Karani akasema mzigo wa nje ya nchi lazima auone kabla haujafungwa. Sanduku likafunguliwa. Waya, kwa mazoea tu, akanyoosha mkono akagonga.

Do.

Akagonga upande wa pili. Do. Akapitisha ukucha, nta ikabanduka. Nilitamani ardhi ipasuke inimeze.

Hakupandisha sauti. "Nyathina, mtoto wangu," akasema, "kuvunja si dhambi. Mimi nimevunja mingi kuliko niliyouza. Lakini sokoni mtu anagonga mwenyewe. Huyu mama ako na mkono wa kufika hapa? Kidole chake ni wewe. Sasa ukinyamaza, nani atamgongea?"

Nililia mbele za watu, na karani, Mungu ambariki, akajifanya anatafuta stempu. Kilichoniuma zaidi si aibu. Ni kwamba Waya alinishika mkono njia nzima ya kurudi, na mtungi wake mbovu kichwani.

Nikamlazimisha Ouma amwandikie yule mama ukweli wote: mtungi una ufa, mimi ndiye niliyeuvunja, na nilitaka kumficha. Achague arudishiwe pesa au angoje mwingine. Ouma akasema nimeua biashara. Siku tisa hakukuwa na jibu, na siku hizo nilikula bila kujua ninachokula. Kisha likaja: atangoja.

Alingoja miezi miwili, maana ilikuwa masika na nyasi mbichi hazichomi mtungi. Tulipofika tena posta, Waya akaweka mikono nyuma. "Gonga wewe," akasema. Nikagonga. Ulilia hadi karani akatabasamu.

Baadaye ikaja barua. Yule mama aliandika kwamba maji yalikuwa baridi vilevile alivyoyakumbuka. Waya alinisomesha sentensi hiyo mara tatu.

Mwanangu, ule mtungi ulio hapo mlangoni, unaouwekea miavuli, ndio ule wa ufa. Nenda ugonge usikie. Halafu chukua simu yako umpigie mteja wako kabla yeye hajakupigia. Mwambie soli imeachia, na ulijua. Na siku nyingine kasoro iwe picha ya kwanza, nzuri zifuate. Chema chajiuza, kibaya chajitembeza, na asiyeweza kukishika anachonunua amekukabidhi vidole vyake. Usivikunje.

Nyasaye, Mungu wetu, akuzidishie wateja wa karibu na wa mbali. Akupe mtu wa kukushika mkono siku utakayokosea, kama nilivyopewa mimi. Na jina lako, popote litakapogongwa, lilie kama kengele.