Chumvi ya Bwana Shauri

Siku yangu ya kwanza bomani Bukoba nilipewa kiti kibovu na mwanafunzi mbishi. Nilikuwa munshi, ndivyo alivyoitwa mwalimu wa kuwafundisha Wazungu Kiswahili ili wafaulu mtihani wa serikali. Mwanafunzi alikuwa Bwana Shauri Mdogo, yaani afisa msaidizi wa wilaya, kijana aliyetoka Ulaya juzi tu. Mkubwa wetu sote, Bwana DC, alisimama mlangoni na kiko chake.

"Nataka maneno mia kila juma," akasema. "Akishindwa mtihani, wewe huna kazi."

"Bwana DC, mia ni mengi. Tuanze na kumi, ayatumie mpaka yamkae."

"Kumi! Unafundisha mtu au kasuku?"

Yeye ndiye aliyetaka kasuku, ila hakujua.

Basi kijana akakariri "dhamana", "mirathi" na "kadhalika" mpaka mate yakamkauka, na kufika asubuhi maneno yote yamevuja kama maji kwenye tenga. Kuomba maji ya kunywa hakuweza! Wala hakuwa na haja. Mpishi wake, mtu wa Buhembe, alimsoma macho tu. Bwana akitazama kikombe, chai imefika. Utamfundishaje mtu wa namna hiyo? Nikamwomba mpishi asilete kitu ambacho hakikuombwa kwa Kiswahili. Bwana Shauri akala ndizi bila chumvi siku kadhaa, amenuna. Hatimaye nikamsikia akiuliza, "Chumvi iko wapi?" Mpishi akamjibu mbiombio makusudi. Naye akasema, "Sijaelewa. Sema tena, polepole." Nilifurahi kama niliyepata mtoto.

Furaha haikudumu. Bwana DC aliniita.

"Munshi, unamtesa afisa wangu kwa njaa?"

"Namfundisha, Bwana."

"Fundisha maneno ya mtihani. La sivyo rudi Ijuganyondo ukalime migomba."

Nilikuwa na watoto wa kusomesha. Nikarudi kwenye "mirathi" na "kadhalika", moyo ukiniuma.

Kijana akafaulu. Na kwa kuwa amefaulu, wakamwondolea mkalimani! Safari yake ya kwanza ya kusikiliza kesi ilikuwa Muleba, nami nikaambiwa nifuatane naye. Barazani alisimama mama mjane aliyejua Kiswahili tangu alipoishi Mwanza na marehemu mumewe. Shemeji yake alitaka kumtoa kwenye kibanja, yaani shamba la migomba linalozunguka nyumba, na mumewe kazikwa humo humo. Mama akaeleza kwa utaratibu wetu Wahaya, akianzia kwa babu wa ukoo. Bwana Shauri akaitikia kwa kichwa, kisha akatoa sentensi yake ya mtihani: "Nimekusikia, na una haki kadhalika."

Shemeji akasimama, akasema yake. Naye akapewa ile ile.

"Basi kibanja ni changu!" akapiga makofi.

Mama akanigeukia, akaniita kwa heshima ya Kihaya. "Waitu mwalimu, huyu umemfundisha nini?"

Bwana Shauri akaninong'oneza nimtafsirie.

"Muulize mwenyewe," nikamwambia, "kama ulivyouliza chumvi."

Akanitazama, uso mwekundu. Kisha akasogeza kiti chake karibu na mama.

"Mama, sijaelewa. Sema tena, polepole."

Mama akasema tena. Bwana Shauri, kila asipoelewa, aliuliza: nani? wapi? lini? Shemeji naye alipoulizwa hivyo hivyo akaanza kujikanyaga, na kabla jua halijatua mama alikuwa amebaki na kibanja chake. Akampa Bwana Shauri kahawa ya kutafuna, zile buni anazopewa mgeni wa heshima.

Baada ya huyo niliwafundisha wengi, na kila DC mpya alidai maneno mia yake. Nilipostaafu nikadhani nimepona. Sasa mjukuu wangu aliyepanga chumba Kashai ananiambia atamaliza Kiingereza kwa mwezi mmoja. Ameshakariri maneno mazito mazito, anayamwaga mezani tukila. Nikamuuliza, "Sijaelewa, sema tena" kwa Kiingereza wanasemaje?

"Babu," akasema, "hapo bado sijafika."