Mistari Miwili ya Mwalimu

Tangu dada yangu anipe figo yake, mimi humeza dawa zinazopunguza kinga ya mwili. Kwa hivyo zahanati ilinipa vipimo vya Korona, niwe nikijipima nyumbani kila Jumatatu. Mutheu, muuguzi wetu hapa Mbumbuni, alitaka kunieleza namna ya kuvitumia. Nikamwambia nimefundisha miaka thelathini, kusoma najua.

Jumatatu nikachokoa pua, nikatia matone kwenye kipimo, nikakiacha kabatini nikaenda kutafuta mbuzi mnadani. Niliporudi jioni, mistari ilikuwa miwili. Korona! Nikajifungia chumbani, nikaandika kwenye kundi la kanisa: "Wapendwa, niombeeni. Nimepatikana nayo."

Asubuhi akina mama walijaa langoni na barakoa zao, wakaimba, wakapitisha unga, sukari na kuku wawili. Moyo wangu ulijaa. Nikakohoa kidogo dirishani, wasije wakaona wamepoteza safari.

Kisha Mutheu akaja kunipima upya. Mstari mmoja tu. Figo ya dada iko salama!

"Mwalimu, kile cha jana ulikisoma baada ya dakika ngapi?"

"Dakika gani?" mke wangu akadakia. "Alikiacha asubuhi, akakisoma jioni!"

Mutheu akaokota karatasi ya maelezo, bado imekunjwa vile ilivyotoka kiwandani. Kipimo kikipita nusu saa, hudanganya. Nje, akina mama walikuwa wameacha kuimba, wanasikiliza dirishani.

"Mwalimu," akasema, "darasa la sita ulinichapa kwa kujibu mtihani kabla ya kusoma maagizo."