Ndengu za Jirani

Nilimwonea wivu jirani yangu kwa sababu ya mapaja ya mtoto wake. Nasema ukweli, sasa nimezeeka. Tulipanga vyumba viwili katika nyumba moja pale mtaa wa Umoja, mwanzoni mwa miaka ya themanini, jiko tukilitumia kwa zamu, na watoto wetu wa kwanza walipishana wiki mbili tu. Kliniki tulikwenda pamoja kila mwezi. Wake akitundikwa kwenye mizani, mshale unapanda. Wangu, mstari kwenye kadi ulikuwa umelala, na nesi alikuwa ameanza kunitazama vibaya.

Mume wake alikuwa dereva, wangu karani. Sasa yeye alikuwa anatoa wapi cha kumnenepesha mtoto hivyo? Nikaamini anaficha maziwa ya mkebe. Siku moja alipotoka kuanika nguo nikafunua sufuria yake. Ndengu. Zile choroko za kijani alizotumiwa na mama mkwe wake kutoka Ukambani.

Jioni hiyo nikanunua kilo mbili. Kumuuliza anavyozipika? Afadhali ningekufa. Nikazigawa jinsi mama yangu alivyogawa chakula kwetu Murang'a: zile nzito za baba, supu ya mtoto, maana tuliambiwa nguvu yote huingia kwenye supu. Mwezi mzima mume wangu alishiba vizuri sana.

Kwenye mizani, mtoto alikuwa amepungua. Nesi akasema akishuka tena atalazwa. Nikalia palepale kwenye benchi. Jirani akauliza ninampa nini, nikamjibu kwa hasira. Hakucheka.

"Dada, hiyo supu ni maji tu. Mpe ndengu zenyewe, ndizo zinajenga mwili. Ziloweke, zichemshe mpaka zipasuke, uziponde, utoe maganda yasimsumbue tumbo. Na umkamulie chungwa kidogo, damu iongezeke."

Nikafanya hivyo, shingo upande. Mwezi uliofuata mshale ukapanda. Kabla sijanyoosha mikono, jirani alikuwa ameshamtoa mtoto wangu kwenye mizani, anambusu, anawaonyesha kina mama wote kadi, machozi yanamlengalenga.

Nilisimama kando. Mtoto wake alikuwa ameongeza uzito miezi saba mfululizo, na mimi sikuwahi kumpa hata pongezi moja. Siku hiyo nilimwonea wivu kuliko siku zote.