Bastola Kubwa ya Gindu na Mwenye Zizi

Yule mtu nilimpiga risasi ya kifua na hakuanguka.

Naanza na hilo ili usije ukaniuliza baadaye kama nilikuwa macho. Nilikuwa macho. Ilikuwa mchana, jua kali, saa ile ambayo hata mbuzi wanagombea kivuli. Bastola nilikuwa nayo mimi, ile kubwa, nimeishika kwa mikono miwili kama nilivyoelekezwa. Mbele yangu karatasi ya shabaha imebandikwa kwenye kichuguu. Nikavuta triga. Kabla mlio haujaisha masikioni, mtu alikuwa amesimama mbele ya karatasi. Hakuja akitembea, wala hakutokea pembeni. Alikuwepo tu, kana kwamba alikuwepo siku zote na mimi ndiye niliyechelewa kumwona.

Risasi ilimwingia. Niliona shuka lake jeusi likiruka pale kifuani. Nikangoja damu. Niamini ninachokwambia: haikutoka damu. Ulitoka udongo, ule mwekundu wa kichuguu, ukamwagika kutoka kifuani kwake kama mtama unavyomwagika kwenye gunia lililotobolewa na panya. Mwenyewe akautazama unavyomwagika. Halafu akanitazama mimi, akaanza kuja.

Sasa ngoja nirudi nyuma, maana bila kurudi nyuma utasema huyu mzee kachanganyikiwa, na ndivyo Gindu anavyotaka useme.

Mimi ni mtu wa Bariadi. Shule niliishia darasa la nne, ng'ombe walikuwa wengi na baba alikuwa na mtoto mmoja tu wa kuwachunga. Baadaye nilipita mgambo, nikajua bunduki, na kwa kujua bunduki nikapata kazi ya kulinda ghala la pamba. Ghala ni la Gindu. Namtaja kwa jina na yeye anajua namtaja. Gindu ni mnunuzi wa pamba, mtu mfupi, mcheshi, mwenye viganja vidogo kama vya msichana. Alikuwa na rafiki zake wa Mwanza ambao siku za mapumziko wanakwenda uwanja wa shabaha, wanapiga, wanakula nyama, wanarudi nyumbani wamefurahi. Akaona na yeye lazima awe na bastola yake ya shabaha. Kibali akapata. Na mshauri akapata, mstaafu mmoja anaitwa Nestory, aliyejipa cheo cha mwalimu. Huyo ni wa pili ninayemtaja.

Tulikwenda Mwanza watatu kuinunua. Mimi nilichukuliwa kwa sababu ya mikono yangu. Gindu alisema, "Wewe una mikono ya jembe, utanipimia bastola." Tukasimama Lamadi tukala sato, njia nzima Nestory anafundisha. Alisema bastola ya kubeba kiunoni na bastola ya shabaha ni vitu viwili. Ya kubeba iwe ndogo, isionekane. Ya shabaha iwe ya kimo kamili, chuma kizito, mtutu mrefu, maana uzito ndio unaomeza teke la risasi, na mtutu ukiwa mrefu, kilengeo cha mbele na cha nyuma vinakaa mbali, jicho halidanganywi kirahisi. Hayo alisema kweli. Sina ugomvi na hayo.

Dukani muuzaji akatandika kitambaa, akaweka tatu. Ya kwanza ndogo ya mfukoni. Gindu akaicheka. "Hiki ni kichana. Nitachania ndevu." Ya pili ilikuwa ya risasi za milimita tisa, nyepesi, imekaa vizuri. Nikaishika, nikamwambia, "Bosi, hii ni yako. Kidole chako kinafika kwenye triga bila kunyoosha shingo." Nestory naye akakubali kwa kichwa. Lakini macho ya Gindu yalikuwa kwenye ile ya tatu. Ya risasi nene, zile wanazoita arobaini na tano. Ndefu, nyeusi, mdomo wa mtutu mpana kiasi kwamba ncha ya kidole changu cha mwisho iliingia. Akaishika. Kidole chake kiligusa triga kwa ncha tu, na mkono ukaanza kutetemeka kwa uzito.

"Inakushinda, bosi," nikasema.

"Mke wa pili naye walisema atanishinda," akajibu, na duka zima likacheka. Nestory badala ya kumwambia ukweli akacheka zaidi ya wote, akasema mkono utazoea. Basi. Ikanunuliwa kwa sababu ya kicheko.

Tatizo likaja tuliporudi. Nyuma ya ghala tulikuwa na mifuko ya mchanga michache tuliyopanga kwa ajili ya kujifunzia. Nestory akaitazama, akaitazama bastola, akasema haiwezekani. Risasi kubwa kama hii inataka tuta nene la udongo, refu kupita mtu, na nyuma yake pasiwe na nyumba wala njia. Wewe unaijua Bariadi ilivyo tambarare. Tuta kama hilo utalitoa wapi? Tukazunguka na gari tukitafuta. Ndipo Gindu akapiga usukani. "Nkoma! Kule kwetu kuna kichuguu kikubwa kama nyumba. Kinaningoja mimi."

Tukaenda Jumapili. Tulipoliacha shamba la pamba nikaona minyaa imezunguka duara, mizee, imepinda. Ndani ya duara nyasi zilikuwa za kijani kuliko za nje. Kando kulikuwa na jiwe la kusagia limezama nusu. Na katikati ya duara, kichuguu. Mimi ni Msukuma, sihitaji kuambiwa. Lile lilikuwa itongo, mji wa watu waliohama zamani, na lile duara lilikuwa zizi. Na wewe kama ni wa huku unajua mwenye mji zamani alizikwa wapi. Alizikwa ndani ya zizi lake, amefungwa kwenye ngozi ya ng'ombe, ili ng'ombe wake wamkanyage kila jioni asijione ameachwa. Hicho kichuguu kilikuwa kimeota juu ya mtu.

Nikamwambia. "Bosi, hapa pana mwenyewe. Tupige hodi kwanza, au tutafute kwingine."

"Wewe ni mlinzi au mganga?"

"Ni mlinzi, bosi. Lakini hili ni kaburi."

"Ni kaburi la babu yangu," akasema. Hivyo hivyo, bila aibu, anatafuna muwa, akimwita Guku kama sisi Wasukuma tunavyomwita babu. "Guku alinipenda. Jina langu nimepewa la kwake. Atafurahi kuona mjukuu wake ana chuma kama hiki. Bandika karatasi."

Unasikia? Alijua. Sio kwamba hakujua. Leo anapita akisema hapakuwa na kitu pale ila mchwa.

Nestory akatugawia vizibo vya masikio, akasema bastola mpya lazima izoeshwe, ipigwe kwanza na mtu mwenye mkono imara. Gindu haraka sana akanikabidhi mimi. Kwa nini haraka vile? Kwa sababu dukani mkono wake ulitetemeka, na mbele ya Nestory hakutaka utetemeke tena. Wao wakasimama nyuma yangu karibu na gari.

Nikapiga ya kwanza. Teke lilikuja hadi begani lakini bastola ilitulia, uzito ule ulifanya kazi yake. Kilichonishtua ni mlio uliorudi. Udongo ukipigwa unasema puu. Ule haukusema puu. Ulilia kama ngozi kavu ya ng'ombe ukiichapa kwa fimbo. Nikageuka. Nestory akasema, "Ndani pana uwazi, mchwa hao. Endelea." Nikapiga tena. Ngozi tena. Na sasa ikaja harufu. Zizi lile halikuwa na ng'ombe miaka mingi, lakini ilikuja harufu ya samadi mbichi na maziwa, nzito, kama jioni ng'ombe wakiwa wamerudi. Minyaa ikatulia, upepo ukakatika. Nilitaka kuweka bastola chini. Gindu akapiga kelele nyuma, "Piga, mzee wa mgambo! Au na wewe kidole hakifiki?"

Nikapiga. Hapo ndipo pale nilipoanzia kukusimulia.

Alikuja polepole, udongo ukiendelea kumwagika, na kila alipokanyaga nyasi hazikulala. Mzee mrefu, shuka jeusi limefungwa begani, fimbo ya kuchungia mkononi. Nilijaribu kupiga yowe, ulimi ukawa kama kipande cha kamba. Alipofika karibu akasimama kama mtu anavyosimama kwa mgeni, akanisalimu.

"Mwadila, ng'wanawane."

Ndiyo, aliniita mwanangu. Angenitukana ningeogopa kidogo. Ile sauti ya upole ndiyo iliyonimaliza. Ilikuwa inatoka chini, mahali penye miguu yake.

"Nani kakutuma kunichapa nyumbani kwangu?"

Sijui ulimi ulifunguka vipi. Nikasema, "Gindu."

Akatikisa kichwa taratibu. "Gindu ni mimi. Mimi sijakutuma."

Akaingiza vidole viwili kwenye lile tundu la kifua, akachimbua, akatoa risasi. Ilikuwa imebonyea kama uyoga. Akakitoa kiganja changu cha kulia kwenye bastola, akaiweka risasi katikati, akanifungia vidole juu yake kimoja kimoja kama unavyomfungia mtoto hela ya dukani. Mkono wake ulikuwa wa baridi, ile risasi ilikuwa ya moto. Nilisikia nyama yangu inaungua na siwezi kufungua mkono.

"Mpe mwenye jina langu," akasema. "Azitoe zote kwa mkono wake."

Na nyuma yangu, sikiliza hapa vizuri, nyuma yangu nikamsikia Gindu akipiga yowe. "Guku!" Sauti ya mtoto. Mara moja tu. Nikageuza shingo, nikaona miguu ya Nestory ikiishia kwenye dirisha la gari, kisha gari likinguruma, Nestory anasema twende twende twende. Wakaniacha. Walipoondoka sikuona tena mzee, niliona karatasi ya shabaha, na matundu yote matatu yakitiririsha udongo.

Nilitembea na mkono umefungwa hadi barabarani, bastola nimeificha shatini; kesho yake Nestory aliifuata kwangu. Mwenye pikipiki aliyenipeleka Bariadi aliniuliza mbona nanuka ng'ombe.

Hospitali waliufungua mkono, wakaosha kidonda, wakasema nimeshika mtutu wa moto. Mtutu gani unaacha tundu la duara katikati ya kiganja? Kidonda kilipona, vidole havikukunjika tena. Jembe siwezi. Fimbo ya ng'ombe siwezi. Gindu alileta mlinzi mwingine, akawatangazia watu kwamba nilizimia kwa jua na kuiangusha bastola yake. Nestory akashuhudia hivyo hivyo. Nilimpelekea Gindu ile risasi ghalani, nimeifunga kwenye kitambaa. Hakuipokea. Alirudi nyuma hadi akagonga robota za pamba, akasema, "Toa uchawi wako hapa." Lakini macho yake hayakuwa kwangu. Yalikuwa kwenye kitambaa.

Nilidhani basi itaishia hapo. Kumbe bado. Baada ya muda akapata ujasiri, akarudi Nkoma na rafiki zake wa Mwanza. Yeye hapigi, anakaa garini anashangilia, wageni wake wanapiga na bastola yake. Najuaje? Najua kwa sababu siku hizo kiganja kinawaka, kifua kinanibana, na ninakohoa udongo. Mwekundu. Mke wangu Holo ameuona. Ameufagia asubuhi kwenye mto wa kulalia. Mwanzo alilia, sasa anafagia tu, na huko kufagia kwake kunanitisha kuliko kulia. Kila wakirudi kupiga, udongo unaongezeka na pumzi inapungua.

Nilijaribu kumaliza mwenyewe. Nilikwenda Nkoma na sururu nikaishika kwa mkono wa kushoto. Nilipogonga mara moja, kichuguu kilitoa ile sauti ya upole kutoka chini: "Sio wewe." Sururu niliiacha hapohapo.

Basi wewe unayesoma, kama una kibali na una hamu ya bastola ya shabaha, sikukatazi. Chagua inayolingana na mkono wako, sio na kicheko cha watu dukani. Na kabla hujachagua bastola, chagua mahali risasi zitakapolala, uliza hapo pana nani. Ukiona minyaa imezunguka duara, geuza gari. Mimi sikupewa nafasi ya kugeuza.

Na wewe Nestory, uliyesema ni mchwa: mchwa gani alikufanya uingie garini kupitia dirishani?

Na wewe Gindu. Risasi yako ninayo ndani ya kopo, juu ya kabati, na Holo amekataa kulala chumba kimoja nayo. Ulimwita Guku kwa mdomo wako, nilikusikia, na yeye alikusikia. Jina ni lake, umelivaa wewe. Nenda zizini ukapige magoti, uzichimbue zote kwa hivyo viganja vyako vidogo, umwambie ni nani aliyenituma. Usinijibu mimi. Mjibu yeye, na umjibu kabla Holo hajafagia udongo akakuta na mimi nimo ndani yake.